Volyumu ya Mama

Kama uliwahi kuwa na redio mjini Kitale, na redio hiyo ikanyamaza, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba mikono yangu imeshika matumbo yake. Naongeza chumvi, lakini kidogo tu. Kabla simu za mkononi hazijaingia kila mfuko, duka langu la Kibomet lilijaa redio mpaka mimi mwenyewe nikawa nafanyia kazi nje, kwenye kivuli cha paa, kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Vipuri vilinijia kutoka upande wa Suam, vimefungwa kwenye magunia pamoja na ndizi. Kuna mteja aliyewahi kuapa kwamba redio yake ilinukia ndizi kila taarifa ya habari ilipoanza.

Mchana nilikuwa fundi, jioni mwanafunzi. Shule yangu ya sekondari niliimalizia kwenye masomo ya jioni, nikiwa na ndevu, katikati ya askari jela aliyekuja kusinzia na mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni. Mwalimu wetu wa fizikia hakuwa na vifaa. Sura ya mawimbi ya sauti alitufundisha kwa kamba ya kufungia ng'ombe: akafunga ncha moja mlangoni, akatikisa nyingine, wimbi likakimbia mpaka mlangoni na kurudi mkononi mwake. Siku hiyo niliokoka mara ya pili.

Kutoka redio nikaingia kwenye spika. Harambee, harusi, matanga, mikutano ya wanasiasa wanaoongea mpaka betri inaomba msamaha. Kisha makanisa, na makanisa ndiyo yaliyonifundisha kwamba spika ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni nyumba. Ukuta unasema. Bati linasema. Sakafu ya vigae inasema kuliko mhubiri. Nikawa mtu wa kuitwa kutoka Kitale mpaka Bungoma kuja kusikiliza majengo, kama daktari anavyosikiliza kifua. Nayaeleza haya yote ili ujue kwamba aliyeshindwa katika habari hii hakuwa kanjanja.

Mama yangu aliishi pembeni mwa mji wa Bungoma, na alikuwa na kazi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alikuwa anapeleka mahubiri. Ibada ikiisha, wenzake wakibaki kusalimiana na kuulizana bei ya sukari, yeye alikaza kitambaa chake na kuondoka mbio mbio, mahubiri yakiwa bado moto kichwani, kwenda kwa wale ambao hawakuweza kufika. Wagonjwa, waliojifungua, wazee wasiotoka kitandani. Aliketi kwenye kigoda na kuwapa mahubiri yote. Si muhtasari. Yote, pamoja na pahali pastor alipojipangusa jasho na pahali alipokohoa. Hakuna aliyemchagua na hakuna aliyemlipa. Ilijulikana tu kwamba ukiugua, Jumapili alasiri utasikia hodi ya huyo mama. Nimesikia kuna watu walichelewesha kupona.

Msikilizaji wake mkuu alikuwa mzee mmoja, karani wa mahakama aliyestaafu, aliyekuwa akiishi nyuma ya kanisa. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mmoja kwa miaka, lakini kichwa kilibaki kikali kama wembe mpya. Alimhoji mama yangu kama shahidi. "Alisema hivyo kabla ya wimbo au baada?" "Alitaja wazazi kwanza au watoto kwanza?" Na Mama alijibu bila kubabaika, akiwa amenyoosha mgongo. Nilipokuwa mdogo nilidhani mzee yule ndiye Mungu, kwa vile mama yangu hakuwahi kumwogopa mtu mwingine.

Kisha kanisa likajenga ukumbi mpya.

Lile la zamani lilikuwa la udongo, na udongo unameza sauti vizuri sana; mhubiri akisema neno, neno linafika kwako na linakaa. Ukumbi mpya ulikuwa wa mawe yaliyopigwa lipu laini, vigae chini, vioo kila upande, na bati huko juu karibu na malaika, bila dari. Siku ya kuufungua watu walilia kwa uzuri wake. Mimi niliingia, nikasimama katikati, nikapiga kofi moja. Kofi langu liliondoka, likaenda kusalimia Mlima Elgon, likarudi na habari za huko. Nikajua tumekwisha.

Wiki chache baadaye nilikuwa jikoni kwa Mama. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua macho.

"Baba," aliniambia. Akina mama wa kwetu humwita mtoto wa kiume baba, hata akiwa amemkosea. "Masikio yangu yamekwisha."

"Nani amesema?"

"Mimi mwenyewe nimesema. Pastor akiongea nasikia a, e, i, o, u. Zile zingine zote zimeenda. Kama mtoto wa nasari."

"Si wewe, Mama. Ni ukumbi."

"Ukumbi una masikio?"

"Ukumbi una mdomo. Unaongea juu ya pastor. Zile herufi ndogo, s na t na k na f, ndizo zinabeba neno, lakini ni nyepesi. Mwangwi unazifunika. Hata mimi pale ndani sisikii vizuri, na masikio ndiyo shamba langu."

Aliacha mboga, akanitazama. "Una hakika?"

"Naapa, Mama."

"Basi uambie huo ukumbi uniache."

Alikuwa ameacha kwenda kwa wagonjwa. Angekwenda kuwaambia nini, a, e, i, o, u? Yule karani alikuwa ametuma mtu kuuliza kama mama yule amekufa, na kama amekufa kwa nini hakujulishwa.

Hapo kuna jambo ambalo nililijua na sikutaka kulijua. Mtu akizeeka, herufi hizohizo ndizo za kwanza kumhama. Mwangwi na uzee huiba kitu kimoja. Ukimuuliza aliyeibiwa, atakueleza hasara ileile, na hutajua mwizi ni yupi. Tofauti ni kwamba ukumbi hurekebishika. Kwa hiyo niliuchagua ukumbi. Niliushika kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika tawi katikati ya mto Nzoia wakati wa mafuriko.

Nilikwenda kwa kamati ya ujenzi. Mwenyekiti wake alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mwema, mwenye sauti ya kupitia pua, na vigae vyote vya ukumbi vilitoka dukani kwake.

"Fundi, nimesikia unasema jengo letu ni gonjwa."

"Si gonjwa, mwenyekiti. Ni gumu. Sauti haina pahali pa kupumzika. Tuweke vitu laini ukutani. Mapazia mazito, mikeka, hata magunia yaliyojazwa nyuzi za katani."

"Magunia."

"Tunayafunika na kitambaa kizuri."

"Yaani unataka nyumba ya Mungu ifanane na stoo ya nafaka?"

Wajumbe walicheka. Mmoja, mwalimu, akasema kwa upole, "Si tuongeze tu spika, bana? Kama watu hawasikii, si inamaanisha sauti ni kidogo?"

Nikaeleza. Nikapiga makofi ndani ya ofisi na kuwaomba wasikilize. Nikaomba kamba ya kufungia ng'ombe. Mwishowe wakanishinda kwa kura na spika zikaongezwa, kubwa kama makabati ya bibi harusi. Jumapili iliyofuata pastor alisema "Bwana asifiwe," na mpaka leo nadhani ile "siiifiwe" bado inazunguka mle ndani ikitafuta mlango.

Nikaacha kazi zangu za Jumapili kule Kitale. Makanisa yaliyokuwa yananitegemea niliyaachia vijana wengine, nikawa nashuka Bungoma kila mwisho wa wiki, nikipita Kamukuywa ningali na usingizi, ili kupigana na jengo moja. Nilishusha spika, nikazipandisha, nikaziinamisha zitazame watu badala ya kuta. Nilizima zile mpya bila kumwambia mtu, na mwenyekiti akanipongeza ati sasa zile kubwa zimeanza kuzoea. Kila mtu alinishauri nibandike trei za mayai ukutani. Nilizijaribu nyumbani. Trei za mayai zinafaa mayai.

Na kila Jumapili, kutoka kwenye meza yangu ya mitambo pale nyuma, nilimwona Mama kwenye benchi la kwanza la akina mama, shingo imenyooka, kichwa ameinamisha upande mmoja kama kuku anayesikiliza mwewe. Ibada ikiisha alikuwa anageuka na kunitafuta kwa macho. Nami nilitikisa kichwa, maana yake, bado, Mama, nipe wiki moja. Nilimwomba wiki moja moja hivyo mpaka mahindi yakakauka mashambani.

Hayo mahindi ndiyo yaliyoniokoa, au nilidhani hivyo. Kanisani kwetu, baada ya mavuno, kila familia huleta sehemu yake ya shukrani. Hasa wale wenye mashamba huko Tongaren, wao huleta kwa trekta. Magunia hupangwa mbele, chini ya mimbari, ili kila mtu aone na jirani aone zaidi. Mwaka huo mvua ilikuwa imefanya urafiki na wakulima. Magunia yalikuja mengi mpaka nikaona aibu kwa niaba ya panya, kwamba wangeanzia wapi.

Nilimwendea mwenyekiti siku moja kabla ya Jumapili hiyo ya shukrani, wakati magunia yanashushwa.

"Mwenyekiti, vigae vya mbele ni vile vyeupe?"

"Vile vya bei."

"Na gunia moja la mahindi ni uzito wa mtu na mgeni wake. Yakirundikwa pale pamoja, sijui."

Alitazama vigae. Alitazama magunia. "Tuyapange wapi?"

"Ukutani. Nyuma kote, na pande mbili. Uzito utagawanyika."

Wakayapanga ukutani, yakapanda mpaka juu ya kichwa changu. Magunia ya mkonge, yenye manyoya, yenye mahindi na nafasi ndogo ndogo za hewa kati ya punje, ambazo ndizo sauti hupenda kwenda kufia. Nilisubiri wote watoke. Nikasimama katikati, nikapiga kofi. Likafa palepale mikononi mwangu. Nilipiga lingine, kisha lingine, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu aliyeshinda kesi.

Jumapili ilipofika, pastor alifungua mdomo na kila herufi ikatoka imevaa viatu. S ilisikika. T ilisikika. Watu waligeuka kutazamana. Mzee aliyekaa karibu na mitambo yangu alimwambia mkewe, "Leo pastor amejifunza kuongea." Nilikaa pale nikisikiliza zile konsonanti zikipita moja moja, safi, kavu, na machozi yalinilenga, naweza kusema bila kuongeza chumvi yoyote.

Mama alinikuta mlangoni akikaza kitambaa.

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Nimesikia. Twende kwa karani."

Tulikwenda. Alitembea mbele yangu kwa mwendo wake wa zamani, sikuweza kumfikia bila kukimbia kidogo. Karani alikuwa ameinuliwa kwa mito, amenyolewa upande ule ambao binti yake aliweza kuufikia. Chumba chake kilikuwa kidogo, kuta za udongo, mkeka chini, blanketi nzito mlangoni. Hakukuwa na mwangwi mle wa kumdanganya hata panya.

"Mahakama imekusubiri sana," alisema.

Mama aliketi kwenye kigoda na kuanza. Ilikuwa habari ya mtu aliyechimba kisima, jirani zake wakakifukia kwa wivu, naye akachimba tena. Aliisema vizuri sana. Mikono yake ilichimba, uso wake ukawa ule wa jirani mbaya, akakohoa kama pastor, akaendelea. Karani alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Hiyo ya kisima," mzee alisema Mama alipomaliza, polepole, kwa ule upande wa mdomo uliokuwa mzima, "uliniletea wakati ule wa pastor mwembamba, kabla ya ukumbi. Ulikohoa hapohapo. Ya leo iko wapi?"

Mama alimtazama akitabasamu. Kisha akanigeukia.

"Anasemaje?"

Walikuwa wamekaa umbali wa mkono. Kwenye chumba cha udongo.

Nilitazama kuta zile nikitafuta kosa, kigae kimoja, kioo kimoja, kitu cha kukamata. Hakukuwa na kitu.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alielewa kabla yangu, nadhani, akageuza jicho lake kwangu ili kumwondolea Mama mzigo. "Basi wewe fundi wa Kitale. Ulikuwepo. Pastor alisema nini?"

Na mimi nikafungua mdomo.

"Ilikuwa safi," nikasema.

"Safi nini?"

"Sauti."

"Nimekuuliza maneno."

Sikuwa nayo. Nilikuwa nimekaa pale ibada nzima nikisikiliza kila s na kila t, nikijua ni lini alisogea mbali na maikrofoni na ni lini aligeuza ukurasa, na sikuwa na neno hata moja la kumpa yule mzee. Hivyo ndivyo ninavyofanya kazi. Fundi akianza kufuata hadithi, ataamka spika zinapiga mluzi. Miaka yote nimehudhuria mahubiri mengi kuliko askofu, na nimesikia sauti zao tu.

"Kwa hiyo leo," karani alisema, "nimeletewa mashahidi wawili, na hakuna aliyekuwepo."

Alicheka kidogo, upande mmoja. Mimi pia nilicheka, kwa vile sikujua nifanye nini na uso wangu. Mama alitutazama sote wawili, akacheka nasi, baada yetu kidogo.

Njiani alinishika mkono. "Ulisema ni ukumbi."

"Nilisema."

"Uliapa."

Jibu lolote ningelazimika kulisema kwa nguvu barabarani, watu wakisikia.

Tulikwenda hospitalini, tukaandikiwa kwenda Eldoret. Huko daktari alimtazama kwa taa, akampigia milio midogo ambayo mimi niliisikia kutoka kwenye kiti changu na yeye hakuisikia. Akaniambia ni mishipa, ni umri, na haitarudi nyuma; itaendelea. Alitupatia kifaa kidogo cha kuvaa sikioni. Mama alikivaa kanisani siku moja. Magunia yalikuwa yameshauzwa, kuta zimebaki uchi, mwangwi umerudi nyumbani kwake. Alikivua kabla ya sadaka.

"Kimeniletea ukumbi mpaka ndani ya kichwa," alisema.

Akaacha kwenda kanisani. Alianza kukaa nyuma ya nyumba, mgongo ukiangalia barabara, ili wapitao wasimsalimie na yeye akakosa kuitikia. Jirani mmoja alimwambia mwingine kwamba huyu mama siku hizi anaringa. Nilimkuta pale Jumamosi moja, sufuria imeungua jikoni, moshi umejaa, yeye ameketi tu. Nilikaa kando yake. Sikumwambia ni ukumbi. Niliinama mpaka karibu na sikio lake la kulia, lile lililobaki na nguvu kidogo, nikashusha sauti iwe nzito, nikaongea polepole.

"Mama. Ni masikio."

"Najua," alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikikwambia nililolifanya baadaye utauliza kwa nini sikulifanya mwanzo, na utakuwa na haki. Lilikuwa jambo rahisi kuliko yote niliyokwisha kufanya pale. Nilivuta waya kutoka kwenye mitambo, nikaupitisha kando ya ukuta na chini ya mabenchi mpaka pahali pa Mama kwenye benchi la kwanza, nikaufungia hedifoni kubwa, zile za kufunika sikio lote. Sauti ingetoka kwenye mdomo wa pastor, ikaingia kwenye maikrofoni, ikapita kwenye waya na kuingia moja kwa moja sikioni mwa Mama bila kugusa ukumbi hata kidogo. Nilipunguza zile sauti nzito, nikainua nyembamba, zile zinazobeba s na t. Sikulifanya mwanzo kwa sababu kumvalisha mama yako hedifoni mbele ya kanisa zima ni kumwambia kwamba ni yeye.

Akina mama wa benchi la kwanza walimpokea kwa mikono miwili.

"Mama amekuwa DJ," mmoja alimpigia kelele sikioni.

"Tuchezee basi, DJ."

"Nikiwachezea mtavunjika viuno," alisema Mama, akapanga hedifoni juu ya kitambaa chake, vizuri, kana kwamba ni kofia ya sikukuu.

Pastor alipoanza, nilimwona Mama akishika benchi kwa mikono yote miwili. Aligeuka nyuma kutazama ni nani aliyemnong'oneza. Kisha akatulia. Mimi niliacha kutazama mitambo kabisa, spika zikapiga mluzi, mwenyekiti akanikazia macho, sikujali.

"Pastor anapumua kama ng'ombe anayepanda mlima," aliniambia baada ya ibada. "Na tumbo lake lililia kabla ya sala. Twende."

Siku hiyo karani alipewa mahubiri ya leo, pamoja na tumbo. Alimhoji mpaka akachoka. Mimi nilikaa kati yao. Mzee aliuliza kwa sauti yake iliyokuwa ikidhoofika, nami nikairudia sikioni mwa Mama kwa sauti nzito, polepole, naye akajibu akiwa amenyoosha mgongo. Tukaendelea hivyo Jumapili nyingi. Pia nilijilazimisha kusikiliza maneno, kwa mara ya kwanza maishani. Ni kazi ngumu. Inabidi umwachie mtu aseme chochote anachotaka.

Volyumu ya Mama ilikuwa na kizungusho chake peke yake, pembeni ya mitambo, chenye mstari mdogo mweupe. Nilipoanza, mstari ule ulikuwa robo. Tulikubaliana ishara: akitaka zaidi, anainua kiganja kidogo kando ya goti, bila kugeuka. Mwanzoni aliinua mara moja moja. Nilizungusha kidogo, akashusha mkono. Baada ya mvua za masika mstari ulikuwa nusu. Kisha ukapita nusu. Aliyekaa kando yake akaanza kulalamika kwamba anasikia mahubiri mara mbili. Nilibadilisha amplifaya, nikaweka yenye nguvu zaidi, mstari ukarudi nyuma, nikafurahi kama mjinga, na katika miezi michache ukawa umepanda tena. Yeye hakujua lolote kuhusu ule mstari. Alisikia tu, au alidhani anasikia. Mimi ndiye niliyekuwa namwona akiondoka, Jumapili baada ya Jumapili, kwenye kitu kidogo kisichozidi kidole gumba. Na kuna kikomo. Ukizidisha, sauti haiongezeki tena. Inapasuka, inakuwa kelele inayoumiza. Hata ningekuwa na spika zote za Kenya, kwenye sikio la mtu huwezi kuingiza zaidi ya pale.

Jumapili moja mstari ulikuwa umegota mwisho. Katikati ya mahubiri niliona kiganja cha Mama kikiinuka kando ya goti.

Niliweka mkono wangu juu ya kizungusho. Nilijua anaweza kugeuka, na kweli aligeuka, akanitafuta kwa macho. Basi nikafanya kama ninazungusha, kwa makini, kama fundi anavyozungusha, nikamwangalia kuuliza kama inatosha. Alisikiliza kidogo. Akaitikia kwa kichwa: sasa ni sawa. Akarudi kumtazama pastor.

Alasiri tulikwenda kwa karani. Mama aliketi kwenye kigoda na kusema mahubiri. Mwanzo ulikuwa wa leo. Katikati niliona anapita juu ya shimo, na pale kwenye shimo akaweka kitu kingine, kitu kizuri, ambacho pastor hakukisema. Mwisho ulikuwa wa pastor mwembamba. Aliunganisha vyote bila mshono, mikono ikifanya kazi yake. Alipomaliza, mzee hakuuliza swali. Aligeuza jicho lake kwangu, akalikazia hapo, kama alivyowakazia mashahidi maisha yake yote.

"Ndiyo ya leo?" aliniuliza, chini sana.

Mama alikuwa anatutazama, akingojea nirudie swali sikioni mwake.

"Ni ya leo, mzee," nikasema. "Nilikuwepo."

Kisha niliinama kwenye sikio la Mama na kumwambia kwamba mzee amesema asante, na kwamba anaomba wiki ijayo asichelewe.